Kuku wa Dakika 15

Naanza na malalamiko, maana ndiyo kazi iliyoniweka kwenye ukurasa huu. Kuna mtu ameandika kwamba kuku wa kusaga wa Kithai hupikwa kwa dakika 15. Mtu huyo namtafuta. Sitaki kumpiga. Nataka aje Tabata, nimkabidhi jiko, mtungi wa gesi, mama mkwe na wanangu watatu, kisha nivute kiti nikae na saa mkononi.

Mimi nilianza Alhamisi. Tulikula Jumamosi saa 10 jioni.

Chanzo cha yote ni shemeji yangu. Huyu bwana ni dalali wa vito, na kila akipata fedha ya tiketi anapanda ndege kwenda Bangkok na vijiwe vyake. Si jambo geni. Wathai na mawe yetu wamejuana zamani: katikati ya miaka ya 1990 Tunduru ilipotoa yakuti, wanunuzi wa Kithai walifunga safari mpaka kule kusini kuwafuata wachimbaji. Siku hizi watu wetu ndio wanaowafuata wao. Wengine hurudi na mtaji. Shemeji yangu hurudi na hadithi.

Safari hii hadithi ilikuwa ya chakula. Kinaitwa phat kaphrao. Phat ni kukaanga, kaphrao ni jina la jani, na ikiwa ni cha kuku unamalizia na kai. Jina hilo alilitamka kwa pua na kwa koo, akipanda na kushuka kama anayepanda baiskeli Lushoto, mpaka mama mkwe, aliyekuwa kwetu kutoka Muheza kwa ajili ya kliniki ya macho, akauliza:

"Kapu lao? La kina nani?"

"Si kapu, Mama. Kaphrao."

"Ndiyo, nimesikia. Kapu lao. Wamebebea nini?"

Shemeji akaeleza. Kila kona ya Bangkok kuna mtu na karai lake. Anaponda vitunguu saumu na pilipili, anavitupia kwenye mafuta ya moto, anaingiza kuku wa kukatwakatwa, anarushia vimiminika kutoka chupa mbili tatu, anamalizia na konzi la majani, anakupakulia juu ya wali mweupe, na juu kabisa anakuwekea yai la kukaanga. Wathai wenyewe, akasema, wanakiita chakula cha mtu aliyeishiwa mawazo. Umefika mgahawani, kichwa kitupu, hujui uagize nini, mdomo unajisemea wenyewe: kaphrao. Ni kama sisi na chipsi mayai.

Hapo ndipo nilipoteleza. Nilisema, "Kama ni chipsi mayai ya Wathai, hata mimi napika."

Mke wangu aliinua macho kutoka kwenye simu. Mlio kwenye ndoa mnakijua kimya cha namna ile.

"Jumamosi, Baba Watoto," akasema. "Jiko ni lako lote."

Shemeji, kwa furaha ya kuona mtu mwingine anaingia mtegoni, akachomoa begini chupa iliyoviringishwa ndani ya suruali. Nam pla, akasema. Nam ni maji, pla ni samaki. Maji ya samaki! Ukisikia jina hilo unaona kisima, unaona vifaranga vya perege wanaogelea. Kumbe wanachukua dagaa wa baharini, wanawachanganya na chumvi, wanawafungia kwenye mapipa mwaka mzima na zaidi, kisha wanachuja kinachotiririka na kukitia chupani. Mimi nimekua na dagaa. Kwetu, iwe Kigoma, iwe Mwanza, iwe dagaa mchele wa Unguja, shughuli yote ni kukimbizana na jua wasije wakaharibika. Mvua ikinyesha siku ya kuanika, ni msiba. Wenzetu waliwatazama dagaa wao wakianza kubadilika, wakasema: hebu tusubiri tuone.

Tulifungua kifuniko. Mama mkwe ndiye wa kwanza kunusa.

"Baba, hiki kimeharibika."

"Ndivyo kilivyo, Mama."

"Basi kimeharibikia huko huko kwao."

Mke wangu akaamuru chupa ikakae kwenye dirisha la choo, kwa nje. Nikamuuliza kwa nini choo. Akasema, "Ili jirani akisikia harufu asishangae."

Sasa tuje kwenye jani, maana ndilo lililonitoa jasho. Wathai wana majani matatu ya ukoo wa rehani, na ukiyachanganya wanakuona huna kwenu. Kuna horapha, la michuzi ya nazi. Kuna maenglak, lenye harufu ya limau. Na kuna kaphrao lenyewe, jani kavukavu lenye vinyweleo, kali, linalonukia karafuu. Ukitia lile la kwanza badala ya la tatu, umepika kitu kizuri, lakini si hiki. Shemeji alilisema hilo mara tatu, kidole juu, kama anatoa fatwa.

Ijumaa nikatoka kazini mapema (mkuu wangu akisoma hapa, nilikuwa na homa) nikaenda soko la Kisutu. Ukitaka majani ya ajabu mjini Dar es Salaam, huanzii kwingine. Kijana mmoja akanionyesha kotmiri, nanaa, mchaichai, bizari mbichi, na fungu la rehani.

"Hii hapa, mzee. Ndiyo hiyo hiyo."

Haikuwa hiyo hiyo. Halafu mimi ni mtu wa Tanga. Rehani kwangu ni jani la vikuba, linalofungwa pamoja na asumini likawekwa kwenye nywele za bi harusi na kwenye vifua vya mashangazi. Kulikaanga na kuku niliona kama kupika udi.

Kijana akanihurumia. "Unayoitaka wewe ni tulsi. Haiuzwi. Wahindi wanaipanda kwao majumbani, ya ibada."

Ningekuwa na akili ningeishia hapo. Lakini nilikumbuka kwamba zamani, nilipokuwa nimepanga chumba Upanga, jirani yangu wa ghorofa ya pili, bibi mmoja wa Kihindi, alikuwa na chungu cha mmea kwenye roshani, kila jioni anakiwashia kitaa cha samli. Nikaenda. Nikamkuta, na chungu chake, na kitaa kinawaka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Umepotea sana. Nani anakohoa?"

Nikamwambia hakuna anayekohoa. Akashangaa, kwa sababu watu wa kwetu wakija kwake kuomba tulsi huwa wana mtoto mwenye kifua.

"Nataka majani kidogo ya kupikia, Bibi."

"Chai?"

"Kuku."

Bibi huyu hajala nyama tangu azaliwe. Mama yake hakula, bibi yake hakula. Mmea ule kwake si mboga, ni mungu wa kike aliyekaa chunguni kwa heshima yake. Aliutazama mmea, akanitazama mimi, kama mtu aliyeombwa kengele ya hekalu ikafungwe kwenye shingo ya mbuzi.

"Jua limezama," akasema taratibu. "Jua likizama tulsi haichumwi. Amelala."

"Na kesho asubuhi akiamka?"

"Akiamka, baba, haendi kwa kuku."

Alinipa chai ya tangawizi na maandazi yake yale madogo ya chumvi, akaniaga kwa upole, akaniambia nikipata kikohozi nirudi. Nilishuka ngazi nikiwa nimeaibika kuliko siku niliyodaiwa kodi kwenye ngazi zile zile.

Nilifika nyumbani saa 3 usiku, foleni ya Ijumaa mnaijua. Mama mkwe alikuwa barazani kwenye mkeka.

"Ulikuwa unatafuta jani gani hasa, baba?"

Nikamweleza: dogo, lina vinyweleo, linanukia karafuu, ukilitafuna ulimi unawaka kidogo.

Akanyoosha kidevu kuelekea kwenye uzio, karibu na tangi la maji.

"Si kivumbasi kile?"

Wasomaji wangu, nilisimama. Kivumbasi! Kichaka kilichoota chenyewe, ambacho mke wangu hukata matawi na kuyaning'iniza dirishani kufukuza mbu, na ambacho mimi mara mbili nimetaka kukifyeka. Nikachuma jani, nikalisugua, nikalinusa. Karafuu. Nikalitafuna. Ulimi ukawaka. Wataalamu wa mimea watasema kivumbasi na kaphrao si mmea mmoja, na ni kweli, si mmoja. Lakini ni watoto wa baba mkubwa na baba mdogo, wana sura ya ukoo. Nimetoka kazini kwa homa ya uongo, nimezunguka Kisutu, nimemuudhi bibi wa watu na mungu wake, na jani liko hatua sita kutoka kitandani kwangu.

"Kwa nini hukusema, Mama?"

"Mlikuwa mnazungumza Kithai."

Jumamosi asubuhi nilikwenda buchani. Nilidhani kuku ndiyo sehemu rahisi.

"Nisagie kuku, kilo na nusu, mapaja yasiyo na mfupa."

Mwenye bucha akaweka kisu chini. "Mashine hii ya ng'ombe, mzee."

"Huwezi kuiosha?"

"Naiosha jioni. Nikikusagia sasa hivi utakula kuku mwenye ng'ombe ndani."

Nikampigia shemeji simu. Akacheka sana, kisha akasema Wathai wa kweli hawasagi. Wanakatakata kwa kisu kizito juu ya gogo, nyama ibaki na vipande vipande, isiwe kama ya kufungia sambusa. Basi nikanunua kuku wawili wa kisasa. Wa kienyeji nilimkwepa, huyo tungemla Jumanne. Nikarudi, nikatoa mifupa, jambo lenyewe lililonichukua dakika 40 na ukucha mmoja, nikashika visu viwili, kimoja kila mkono, nikaanza.

Kwa dakika mbili za mwanzo unajiona bingwa. Taka-taka-taka-taka, ubao unaitika. Dakika ya tano mabega yanauliza una mpango gani. Dakika ya kumi jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Jirani, kuna shughuli? Tulete viti?"

Nikamwambia hakuna shughuli, ni kuku. Akanyamaza kidogo, akauliza ni kuku wangapi.

Mama mkwe alikuja akasimama kando ya ubao, akaitazama ile chungu ya nyama nyeupe. Alikuwa anatafuta kitu. Akageuza kwa kijiko, akatazama chini yake.

"Firigisi iko wapi?"

Swali la haki kabisa. Kuku ana katiba yake. Firigisi ina mwenyewe, paja lina mwenyewe, shingo ina mtoto wake anayeililia. Ukimtwanga kuku mzima akawa uji, umevunja serikali ya nyumba. Nikamwambia firigisi nimezihifadhi, tutamkaangia yeye mwenyewe. Akaridhika, lakini alinitazama jinsi hakimu anavyomtazama mtu aliyeachiwa kwa dhamana.

Pilipili. Wathai wanaitumia ile ndogo nyembamba, na jina lake kwao ni phrik khi nu. Phrik ni pilipili. Khi nu, niwieni radhi walio mezani, ni mavi ya panya. Sisi pilipili ya namna hiyo hiyo tunaiita pilipili kichaa. Wao walitazama umbo, sisi tulitazama matokeo.

Wala si mali yao, wala si mali yetu. Pilipili hizi ni za Amerika, zilikuja huku na merikebu za Wareno, wale wale waliotia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498 na kuiteka Malaka mwaka 1511. Kabla yao, ukali wa chakula ulikuwa ule wa punje nyeusi. Majina bado yanakumbuka: sisi punje hizo tunaziita pilipili manga, za Uarabuni, Wathai wanaziita phrik thai, pilipili ya Kithai, kana kwamba wanasema hii ndiyo yetu, ile nyingine ni mgeni. Wareno wamepita pwani yetu na mizinga na ngome, wametutoza na kutuchomea miji, na walichotuachia kinachotumika kila siku ni kitu cha kututoa machozi. Wanajua kuaga.

Maelekezo yalisema pilipili kumi. Nikahesabu kumi.

"Kumi?" mke wangu akauliza akiwa mlangoni.

"Imeandikwa."

"Aliyeandika alikuwa na pilipili za wapi?"

Sikumjibu. Nilizitia kwenye kinu pamoja na vitunguu saumu, nikaponda. Pigo la tatu, tone likaruka likaingia jicho la kushoto. Nikalisugua kwa mkono. Mkono upi? Mkono ule ule. Kwa muda fulani nilipika kwa jicho moja, kama nahodha wa hadithi.

Karai likapata moto. Mafuta yakaanza kutetemeka. Nikakomba kinu, nikatia.

Sijui niwaeleze vipi. Hakukuwa na moshi wa kuonekana. Palitokea kama mtu asiyeonekana ameingia jikoni na kunikaba. Nikakohoa kikohozi cha kwanza, na cha pili kikatoka sebuleni, kwa mwanangu mkubwa. Cha tatu chumbani. Paka akapita dirishani bila kuaga. Tukatoka wote uani, mmoja mmoja, kama watu wa ofisi wanaofanyishwa mazoezi ya moto. Jirani wa viti akapaza sauti upande wa pili, "Mnapunga pepo?" kisha naye akaanza kukohoa.

Msinicheke peke yangu. Oktoba 2007, mtaa wa Soho, London, mpishi wa mgahawa mmoja wa Kithai alikuwa anaunguza chungu cha pilipili kavu kwa ajili ya sosi. Wapita njia wakakohoa, wakashika makoo, wakadhani ni shambulio la kemikali. Polisi wakafunga mtaa, wakawaondoa watu, na wazima moto waliovaa vifaa vya kupumulia wakavunja mlango. Walichokamata ni chungu. Kwa hiyo Tabata si ya kwanza, na sisi mlango wetu ulipona.

Mama mkwe alikuwa amekaa chini ya mwembe, kanga puani, machozi yanatiririka mpaka kidevuni. Nikaenda kumpigia magoti. Mtu amekuja kutibiwa macho, mkwe wake anamfukizia pilipili. Habari hiyo ikifika Muheza nitaozea wapi?

"Samahani sana, Mama."

"Kliniki waliniambia macho yangu yamekauka," akasema. "Hayatoi machozi ya kutosha." Akajifuta. "Sasa wangeniona."

Huku mimi nikiomba radhi, mke wangu alijifunga kitenge kilicholowa usoni akaingia jikoni kupunguza moto. Hilo nilimshukuru. Alichokifanya kingine humo ndani nilikuja kukijua baadaye.

Niseme ukweli: baada ya hapo, upishi wenyewe ulichukua dakika nne. Kuku aliingia, akachachatika, akabadilika rangi. Nikatia mchuzi wa chaza, sosi nyeusi ya soya, sukari nusu kijiko. Kisha nikaagiza chupa iletwe kutoka dirisha la choo. Nikafumba jicho zima, nikamimina vijiko viwili. Uvundo ukapanda mara moja, kama mzee anayenyanyuka kwa hasira mkutanoni, halafu ukakaa chini. Kilichobaki hakikuwa samaki wala chumvi. Kilikuwa ni ule utamu wa sufuria iliyopikiwa supu tangu alfajiri. Mpaka leo sielewi, na nimekereka kwamba sielewi.

Nikazima gesi, nikatupia konzi mbili za kivumbasi, nikageuza mara tatu. Majani yakanywea, harufu ya karafuu ikajaa nyumba. Jirani akaacha kukohoa. Nilimsikia akinusa.

Mayai sitaki kuyazungumzia sana. Wathai wanaliita khai dao, yai la nyota, na linataka mafuta mengi ya moto mpaka ukingo wake uwe kahawia kama mshono wa kofia ya kiua, kiini kibaki laini. Nilipika saba. Nyota tano zilionekana, mbili zilianguka.

Shemeji alifika saa 10 kasorobo, vyombo vimeshaandaliwa, mikono tumeshanawa, kama wanavyofika watu wa aina yake. Akakaa, akaisogelea sahani, akanusa, akatabasamu. Kisha tabasamu likasimama njiani.

"Hii nini?"

Alikuwa ameinua kipande cha karoti.

Nikamtazama mke wangu. Mke wangu alikuwa anatazama dari.

"Na hii?" Hoho. Ya kijani, na nyekundu.

"Nilipoingia kupunguza moto," akasema mke wangu, "niliona nyama iko uchi."

Basi shemeji akalalamika kwa dakika kumi. Kwamba huko Bangkok watu wanagombana mtu akitia hata kunde mbichi za kukatakata, wenye msimamo wanasema huko ni kujaza sahani ili nyama isionekane chache, sembuse karoti! Karoti, akasema, ni tusi. Namuelewa. Mimi mwenyewe nimewahi kugoma kula pilau iliyotiwa nyanya, nikatoka ukumbini. Lakini nilivyokuwa na jicho moja, bega moja na ukucha pungufu, sikuwa na nguvu ya kuitetea Bangkok.

"Huku ni Tabata," mke wangu akamjibu kaka yake. "Kula."

Akadai uma na kijiko. Ilinishangaza, nilidhani atataka vijiti, kumbe Wathai wali wao hawauli kwa vijiti: kijiko mkono wa kulia, uma unasukumia. Mama mkwe alitazama vyuma hivyo, akakunja mkono wa gauni. "Mkono wangu naujua umelala wapi," akasema, akatonga tonge la kwanza.

Alipolipeleka mdomoni akasita. "Wao huko hawatii nguruwe humu?"

"Wengine wanatia, Mama," shemeji akasema. "Mimi nilikula cha kuku."

Alilisema upesi mno. Dada yake alimtazama kwa muda mrefu, na nadhani mazungumzo hayo yaliendelea jikoni baadaye.

Watoto walikunywa jagi zima la maji bila nafuu, maana kile kiwashacho cha pilipili hakiyeyuki kwenye maji, maji yanakitembeza tu mdomoni kikasalimie kila jino. Maziwa ndiyo yanayokiondoa. Wakamaliza maziwa ya chai ya kesho yake. Lakini sahani walizisafisha, na yule mdogo, machozi shavuni, pua inavuja, alinyoosha sahani akaomba tena. Mama mkwe alikula kimya mpaka mwisho, akalamba kidole kimoja kimoja, akatoa hukumu:

"Kitamu. Ila firigisi ungeiacha nzima."

Kilichobaki alifungiwa kwenye kontena akaondoka nacho Jumatatu kwa basi la Muheza. Chupa alikataa.

Usiku ule wa Jumamosi hatukulala. Kivumbasi chote nilikuwa nimekichuma, kwenye uzio vimebaki vijiti, na mbu wa Tabata wana taarifa haraka kuliko vyombo vya habari. Kwa hiyo natoa tangazo. Mwenye mche wa kivumbasi karibu yake aniletee, au hata tawi lenye mbegu. Nitambadilishia na chupa ya nam pla, robo tatu bado imo. Iko dirisha la choo, kwa nje. Aje na mfuko wake.